Kampuni Tupu za Marekani: Nani Hubeba Hasara?
Tunaambiwa kwamba wenye hisa wa kampuni tupu za Marekani, zisizo na kiwanda wala bidhaa, hupata hasara kwa bahati mbaya. Sivyo. Waanzilishi huuza hisa kwa dola 10, wakiahidi kutafuta kampuni halisi ya kuungana nayo katika miaka 2 hivi. Wao hujitwalia kama asilimia 20 karibu bure. Muungano usipopatikana, fedha hurudishwa, nao hutoka mikono mitupu. Basi kwao muungano mbovu ni afadhali. Mabepari wakubwa hurudishiwa fedha zao mapema. Gharama hubaki kwa wadogo.

Nikola, ya malori ya umeme, iliungana hivyo Juni 2020. Lori la filamu yake ya 2018 lilikuwa likiserereka mteremkoni tu! Februari 2025 ikafilisika. DraftKings ya 2020 ilisimama, maana biashara ilikuwapo kweli, ingawa ni ya kamari.