Karai la shira ya mepo: jedwali ni sahihi, swali ndilo limekosewa

Machi hii mwenzangu wa maabara hapa Vermont alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni karai la zamani la bati alilopewa bure na jirani, pembe zake zimeunganishwa kwa lehemu ya kijivu. Ya pili ni jedwali la metali kutoka mwongozo mmoja wa watu wanaoanza kupika shira ya mepo nyumbani. Swali lake lilikuwa fupi: “Jedwali linasema chuma cha kawaida kinapitisha joto mara tatu ya stenlesi. Kwa hiyo nitumie hili la bure, au vipi?”

Ana mtoto wa miaka 2 nyumbani. Ndiyo maana nimeamua kulijadili hilo jedwali hadharani, maana linazunguka sana kwenye miongozo ya aina hii.

Kwanza, kwa ambao hamjawahi kuona kazi yenyewe. Mwishoni mwa baridi, usiku maji yakiwa bado yanaganda na mchana barafu ikianza kuyeyuka, miti ya mepo hutobolewa na kutoa utomvu mwepesi kama maji. Sukari ndani yake ni kama asilimia 2 tu. Shira iliyoiva ina sukari asilimia 66 au 67, kwa hiyo unahitaji takribani lita 43 za utomvu kupata lita 1. Lita 42 zinazobaki lazima ziondoke kwa mvuke. Kugeuza maji hayo kuwa mvuke kunadai karibu megajuli 95 za joto, na hapo hatujahesabu la kuyafikisha kwenye mchemko. Ni kuni nyingi na saa nyingi. Mtu anayeyajua haya lazima aulize: je, karai zuri litaniokolea muda?

Hapo ndipo jedwali linapoingia. Shaba: takribani 400. Alumini: zaidi ya 200. Chuma cha kawaida: kama 50. Stenlesi, maskini, 15. Ni wati kwa mita kwa kila digrii, na namba zenyewe hazina tatizo. Mwongozo unahitimisha kwamba shaba ndiyo bora na stenlesi ni ya mwisho. Inasikika kama sayansi kabisa, si ndiyo?

Sasa hebu tufuate joto safari nzima. Linatoka kwenye moto na kuingia kwenye metali. Linapenya metali. Kisha linatoka kwenye metali na kuingia kwenye utomvu unaochemka. Vizuizi ni vitatu, vimefuatana, na jedwali linazungumzia cha katikati pekee.

Tupige hesabu kwa meta mraba moja. Kutoka motoni kwenda kwenye metali, hata tukichukulia moto mkali, tuseme wati 100 kwa kila digrii. Ukinzani wake ni 0.01. Upande wa utomvu unaochemka, tuchukue wati 3,000. Ukinzani ni kama 0.0003. Na stenlesi yenyewe, unene wa milimita 1? Gawanya 0.001 kwa 15, unapata 0.00007. Yaani metali “mbovu” kuliko zote kwenye jedwali inabeba chini ya asilimia 1 ya kizuizi chote. Badilisha stenlesi kwa shaba, na mapishi ya saa 10 yatapungua kwa dakika 4 hivi. Ni sawa na kukaa foleni asubuhi nzima halafu ukasifu geti kwa kufunguka haraka.

Usipoamini hesabu, kumbuka jaribio la shuleni: kikombe cha karatasi chenye maji juu ya mwali mdogo. Maji yanachemka na karatasi iliyolowana na maji haiungui, ingawa karatasi hupitisha joto vibaya kuliko metali yoyote kwenye jedwali.

Kinachopunguza muda kweli ni eneo la sakafu ya chombo linalopigwa na moto. Sufuria ya duara yenye kipenyo cha sm 30 ina eneo la kama sm mraba 700. Trei ya stenlesi ya bufee, ile ya sm 30 kwa 50 wanayopangia pilau harusini, inakaribia mara mbili ya hapo. Ongeza trei ya pili pembeni na umeshinda shaba yoyote. Jedwali halina safu ya eneo.

Lakini kosa hilo lingeishia kwenye kupoteza hela. Kosa lililonishtua ni jingine. Kwa mpangilio wa jedwali, karai la bati la yule jirani linapanda juu ya stenlesi, kwa sababu ndani ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Makarai ya zamani ya Amerika Kaskazini, hasa yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, mengi yaliunganishwa kwa lehemu yenye madini ya risasi. Risasi haiondoki na mvuke. Kila inachokwangua utomvu moto pale pembeni kinabaki karaini huku maji yakipungua, na mwisho kiko kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo chombo chenye hatari zaidi kimepewa alama nzuri kuliko chenye usalama zaidi, na mwandishi wa mwongozo hakudanganya hata namba moja. Alichagua kipimo kimoja, basi.

Nisiwe mchoyo. Kuna mahali jedwali lina hoja. Mwishoni, shira ikiwa nzito na kina kikiwa kidogo, moto usiosambaa sawasawa huacha doa moja lenye joto kali, na sukari inaungua hapo. Shaba na alumini husambaza joto kwenda pembeni vizuri zaidi. Ila dawa yake haihitaji karai la shaba: usiache kina kishuke sana, kisha malizia kwenye jiko la gesi, katika sufuria yenye kitako kinene, ukiangalia kipimajoto mpaka kifike digrii 4 hivi za selsiasi juu ya mchemko wa maji.

Shaba tupu nayo ina mkosi wake: kanuni za chakula za Marekani hazitaki iguse chakula chenye pH chini ya 6, na utomvu uliochachuka mwishoni mwa msimu unaweza kuelekea huko. Alumini ni nyepesi na rahisi, lakini huyeyuka kwa digrii 660. Ukisinzia karai likakauka juu ya moto wa kuni, unaweza kuliharibu. Pia haivumilii magadi makali unapoisafisha. Stenlesi inavumilia siki ya kuondoa ule ukoko wa madini unaoganda chini. Isafishe tu bila dawa ya klorini, maana hiyo huitoboa.

Kwa hiyo ningekuwa mhariri wa mwongozo ule, jedwali ningelihamishia ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa kwanza ningeweka maswali matatu kwa mpangilio huu: Je, kuna lehemu usiyoijua asili yake? Eneo la sakafu ni kiasi gani? Chombo kikikauka kwa bahati mbaya, nini kitatokea? Ukishajibu hayo, chagua metali unayoipata kwa bei yako.

Nilimjibu mwenzangu: “Bati hilo usipikie, hata kidogo.” Alinunua trei mbili za stenlesi. Jumamosi iliyofuata tulichemsha kuanzia asubuhi hadi giza, tukapata chini ya lita 2. Mtoto alilala kabla ya kuonja, akawekewa yake kwenye mkate kesho yake.