Mwashi Kabla ya Dalali

Nyumba kuukuu za Mji Mkongwe wa Unguja hazikosi wa kuzisifu. Dalali atakuonesha mlango wa nakshi na roshani inayotazama bahari, kisha atataja bei, nayo itakuwa chini kuliko ulivyodhani. Hapo ndipo pa kumwita mwashi. Simsemi fundi wa matofali ya saruji, ingawa naye ana ustadi wake. Namsema yule aliyelelewa kwenye mawe na chokaa, ambaye siku hizi hapatikani kwa urahisi.

Utashangaa kwamba haingii ndani. Anasimama uchochoroni, anautazama ukuta kutoka chini hadi juu, anazunguka nyuma kama njia ipo. Anatafuta maji. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake nusu mita na pengine zaidi. Uzito wake zinaumudu. Zinachoshindwa ni maji. Mfereji wa paa uliokatika, bomba la choo lililopitishwa ukutani baadaye, mche wa mtini uliojiotea kwenye ufa: vyote anaviona kabla hujafungua kufuli. Kisha anateremsha timazi. Ukuta ulioinama wote pamoja tangu zamani haumtishi sana. Uliotoa tumbo katikati humnyamazisha, maana huenda uso wa ukuta umeachana na mawe ya ndani.

Akishaingia, macho yake yako juu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 tu. Mnunuzi hutazama katikati ya boriti, panapoonekana kupinda. Mwashi hupanda ngazi akaangalia ncha, pale zinapoingia ukutani. Ukuta uliolowa huziozesha bila mtu kujua, na mchwa hawachelewi. Anagonga kwa mpini wa nyundo. Mlio ukiwa mkavu, anasogea. Ukiwa mzito, anachomeka ncha ya kisu na kuona inazama kiasi gani. Boriti baada ya boriti, chumba baada ya chumba, huku mteja akitazama saa. Hapa ndipo ninapomheshimu hasa: boriti ya mwisho anaigonga kwa umakini ule ule wa boriti ya kwanza, hata kama zote za kabla yake zimelia vizuri. Iliyooza peke yake hubadilishwa, dari ikiwa imetegemezwa. Zikioza kadhaa mfululizo, ghorofa nzima inabidi ifumuliwe, na bei ya dalali haina maana tena.

Nyufa nazo zina umri. Ufa wenye vumbi na utando wa buibui ni wa siku nyingi. Wenye kingo safi bado unafanya kazi yake. Akiwa na shaka, hubandika kipande chembamba cha plasta kuvuka ufa, akaandika tarehe, akaahidi kurudi masika yakishapita. Kikikatika, ukuta unasogea. Wanunuzi wengi hawana subira hiyo, na wauzaji ndio kabisa.

Ajabu ni kwamba kinachomkera zaidi ni ukuta mzuri, ule uliopigwa lipu mpya ya saruji na kupakwa rangi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya na mawe yakamumunyuka kimya kimya nyuma ya lipu. Dawa yake ni kubandua, kungoja ukuta ukauke, kisha kupiga chokaa kwa tabaka nyembamba. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ukaa iliyomo angani, na kazi hiyo haina njia ya mkato.

Ataomba pia kuingia kwa jirani, nawe usione haya kumwombea ruhusa. Nyumba za mji huu zimeegemeana. Ya pili ikiwa gofu, yako imepoteza tegemeo. Hatari ipo hata wakati wa matengenezo: Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Asichekwe basi fundi anayekataa kung'oa hata boriti moja kabla ya kutegemeza.

Mambo ya wakfu, warithi na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe ni ya mwanasheria; mwashi hayagusi.

Kwa maoni yangu, paa bovu juu ya kuta zilizonyooka si sababu ya kukimbia, mradi fedha za matengenezo unazo mkononi na si za kuahidiwa. Kuta zenye matumbo na boriti zilizooza ncha, waachie wenyewe. Fundi akikupa hesabu ya matengenezo saa ile ile aliyoingia, mshukuru na utafute mwingine. Anayeomba arudi baada ya mvua, mlipe ujira wake wa siku, hata kama nyumba hutainunua.