Ribiti za Liemba

Mto Rusizi unaopita kwetu Bugarama, Rwanda, humwaga maji yake Ziwa Tanganyika, na ziwani humo imeishi meli ambayo kila fundi wa chuma wa ukanda huu angepaswa kuiona: MV Liemba ya Kigoma. Zamani iliitwa Graf von Goetzen. Ilikuwa ya Wajerumani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyoangamia Rufiji mwaka 1915.

Niliipanda enzi zile bado inachukua abiria, pamoja na mume wangu, mstaafu wa jeshi la wanamaji la Tanzania. Wenzetu waligombania pa kukaa. Yeye alisimama kwenye ukuta wa chuma, akapitisha kiganja juu ya safu ya ribiti.

"Mzee, nafasi zinaisha," nikamwambia.

"Zitapatikana, mama. Hebu shika hapa."

Nikashika. Vichwa vya ribiti vilikuwa vimepangana kwa nafasi sawasawa, safu baada ya safu, chini ya rangi iliyopakwa juu ya rangi. Akanieleza kazi yake. Ribiti hupashwa moto hadi iwe nyekundu, hutumbukizwa kwenye tundu lililopenya mabamba mawili, mtu mmoja huikaza kwa nyuma na mwenzake huiponda kichwa kabla haijapoa. Ikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa huko huyavuta mabamba yakabanana. Asiyeiwahi huacha upenyo, na maji hayasamehe upenyo. Kwa hiyo fundi hushindana na ubaridi wa chuma, ribiti moja moja, maelfu kwa maelfu, kwenye jua la Kigoma.

Maana meli hii iliundwa mara mbili. Mwaka 1913, kule Papenburg, Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliijenga, kisha kikaifungua kipande kwa kipande na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda reli ya kati kuelekea ziwani. Hebu fikiria: bamba lililotobolewa Ulaya lilipaswa kukutana tundu kwa tundu na mwenzake Kigoma, na kosa lolote la kipimo lingegunduliwa mahali pasipo na kiwanda. Februari 1915 iliteremshwa majini.

Mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg majina yao yanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wanastahili. Lakini watatu hawawezi kuunda meli ya mita sabini hivi. Waafrika na Wahindi waliovukuta moto, wakainua mabamba na kuponda nyundo hawakuandikwa, na kwangu hiyo ni dhuluma ambayo kibao kimoja bandarini kingeanza kuirekebisha.

Kisha ikaja kazi ninayoistahi kuliko zote. Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuiacha Kigoma, waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito, wakaifanya kazi hiyo kwa uangalifu kana kwamba kesho yake wangesafiri. Baadaye Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, injini na boila bado zilifaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke ule ule uliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, ilipowekewa dizeli.

Mume wangu, aliyezeeka akitunza mitambo, anasema grisi ile ndiyo saini ya fundi wa kweli: ameshindwa vita, hajui siku wala mtu atakayeifungua mashine, na bado anafikia hadi kwenye kona isiyoonekana.

Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, Tanzania, wengine wakivukia kwetu Bugarama, ni Liemba iliyotumwa kuwachukua hadi Kigoma. Watu mia kadhaa kwa safari moja, juu ya ribiti zilizopondwa miaka 100 nyuma.