Kiunzi cha Flutter na Kiswahili cha Simu: Ubora na Kasoro Zake

Ofisi inayotaka kuwafikia wananchi kwa simu ya mkononi hukabiliwa mapema na tatizo moja, nalo ni kwamba simu hizo haziendeshwi na mfumo mmoja. Nyingi hutumia mfumo endeshi wa Android, na nyingine ule wa iOS wa kampuni ya Apple. Kwa desturi programu ya Android huandikwa kwa lugha ya Java au Kotlin, na ya iOS kwa Swift au Objective-C. Hivyo kazi ileile hufanywa mara mbili, na mfasiri naye hulazimika kuhakikisha kwamba maneno yake yameingizwa sawasawa kotekote. Viunzi vya kuundia programu za mifumo mingi vimekusudiwa kuondoa adha hiyo. Makala haya yanatahakiki kimoja kati ya hivyo, yaani Flutter, ambacho kampuni ya Google ilikitoa katika toleo la 1.0 mwezi Desemba 2018.

Neno kiunzi limetumiwa hapa kwa makusudi. Wako wanaokiita kitu hiki mfumo. Lakini neno mfumo limekwisha kutwikwa mzigo mkubwa, kwa kuwa tunalo katika mfumo endeshi, mfumo wa malipo, na hata mfumo wa utawala. Kiunzi, katika matumizi ya kawaida, ni umbo la miti au mbao ambalo juu yake kitu kingine hujengwa. Maana hiyo yalingana na kazi ya chombo hiki: hakitumiwi na mwananchi, bali mwanaprogramu ndiye hujenga juu yake.

Jambo linalokitofautisha Flutter na wenzake ni uamuzi mmoja wa waundaji wake. Kiunzi cha React Native, kilichotolewa na Facebook mwaka 2015, huagiza vitufe na visanduku vya maandishi kutoka katika mfumo endeshi wa simu yenyewe. Flutter hakifanyi hivyo. Hupewa uwanja mtupu wa kioo, kisha huchora chenyewe kila kitufe, kila mstari na kila herufi. Karibu ubora wote wa kiunzi hiki, na kasoro zake nyingi, zatokana na uamuzi huo.

Tuanze na ubora. Kwanza, msimbo mmoja ulioandikwa kwa lugha ya Dart, lugha ambayo Google iliitangaza mwaka 2011, hutoa programu ya Android na ya iOS zenye sura moja. Pili, mabadiliko ya msimbo yaweza kuonekana kwenye simu ya majaribio kwa muda mfupi sana, bila kuianzisha programu upya. Faida hii ni kubwa kwa mfasiri, kwani aweza kuketi karibu na mwanaprogramu na kuona kama neno refu linaenea katika kitufe au linakatwa mwisho. Tatu, msimbo wa Flutter uko wazi, na hautozwi ada. Nne, kwa kuwa kiunzi hiki huchukua maneno yake chenyewe, programu yaweza kuonyesha Kiswahili hata katika simu ambayo mtengenezaji wake hakuiwekea Kiswahili.

Ama kasoro zake, baadhi ni za kiufundi. Programu hulazimika kubeba injini ya uchoraji ndani yake, na kwa hiyo huwa nzito kuliko programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya mfumo wenyewe. Uzito huo humgusa mwananchi anayenunua intaneti kwa kifurushi kidogo. Apple au Android wakibadili sura ya vitufe vyao, vitufe vya Flutter havibadiliki mpaka kiunzi chenyewe kirekebishwe. Zaidi ya hayo, Dart haitumiki sana nje ya Flutter, na mwelekeo wa vyote viwili uko mikononi mwa kampuni moja.

Kasoro inayotuhusu zaidi ni ya lugha. Kwa chaguo-msingi, vijenzi vilivyo tayari vya Flutter, kama vile kalenda, huja na maneno ya Kiingereza cha Marekani tu. Kiswahili kimo katika maktaba ya lugha ya kiunzi hiki, lakini mwanaprogramu lazima aiongeze maktaba hiyo na kuitaja lugha hiyo. Asipofanya hivyo, mtu aliyeweka simu yake katika Kiswahili ataona maelekezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na ofisi, na chini yake kitufe cha kughairi kilichoandikwa Kiingereza. Flutter hakiazimi neno hilo kutoka katika simu.

Jambo jingine ni upatanisho wa kisarufi. Mwanaprogramu aliyezoea Kiingereza hupenda kuunda sentensi yenye pengo: jina la kitu, kisha neno moja la kueleza kwamba kimefutwa. Katika Kiswahili sentensi hiyo haiwezekani. Twasema barua imefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa, majina yamefutwa. Ni haki kueleza kwamba Flutter chenyewe hakina hatia hapa. Faili zake za maneno zina njia ya kutenga umoja na wingi, ili fomu 1 imepokelewa isichanganywe na fomu 5 zimepokelewa. Zina pia njia ya kuchagua sentensi kamili kwa kila aina ya kitu. Lakini njia hizo hazitumiki zenyewe. Mtu anayejua ngeli lazima awepo kabla msimbo haujaandikwa.

Saa nayo yahitaji uangalifu. Dirisha la Flutter la kuchagulia wakati huhesabu kuanzia usiku wa manane. Wengi wetu tumezoea kuona 8:00 na kutamka saa mbili. Hata hivyo, fomu ikimwambia mgonjwa achague saa ya kufika kliniki, naye akakusudia saa mbili asubuhi kisha akaweka 2, miadi yake itaandikwa saa nane usiku. Upungufu huu si wa Flutter peke yake, lakini aliyekichagua hana budi kuuziba mwenyewe.

Kwa maoni yetu, kiunzi hiki chafaa kwa idara yenye wanaprogramu wachache na kazi ya kawaida ya fomu, taarifa na malipo. Hakifai sana pale ambapo uzito wa programu ni jambo la kwanza. Idara itakayokichagua yapasa iandike masharti matatu katika mkataba wake: maktaba ya Kiswahili iwekwe tangu siku ya kwanza, sentensi zote zitolewe nzima katika faili la maneno, bila kuunganishwa vipande ndani ya msimbo, na faili hilo lipitiwe na mfasiri kabla ya kila toleo. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa upesi. Kwa kuwa msimbo ni mmoja, neno sahihi huwafikia watumiaji wote kwa mara moja, na neno baya vilevile.