Mita 60 za Mto Themi ziko kwenye daftari la nani?

Hebu siku moja simama kwenye daraja lolote la Themi hapa Arusha, uangalie chini. Huko juu, kwenye miteremko ya Meru, maji haya yanapita msituni na kwenye migomba. Yakifika mjini yanakutana na mafuta ya gereji na chupa za plastiki. Kisha yanaelekea Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako yanazalisha umeme.

Kila msimu wa bajeti utasikia kwamba tutakuza uchumi huku tukilinda mazingira. Mimi ugomvi wangu ni na hiyo "huku". Uchumi umepangiwa malengo ya makusanyo na watu wa kuyafuatilia. Mazingira yamepangiwa siku ya kupanda miti. Nani anarudi kumwagilia?

Fuatilia hela uone. Ukijenga fremu za maduka, halmashauri inapata leseni na ushuru. Ukilinda chemchemi, bili ya maji inakwenda AUWSA, na ada ya kibali cha kutumia maji inakwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Tena Jiji limezungukwa na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ambayo ni mamlaka nyingine kabisa. Yaani anayesimamia shamba lililo juu ya chemchemi siye anayelipwa maji yakifika salama mjini. Sasa atalinda kwa faida gani?

Utasema, si tuchimbe visima tu? Ngoja kwanza. Miamba ya volkeno ya Meru ina floraidi, na maji yakikaa humo muda mrefu huiyeyusha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukanda wetu una visima vinavyovuka hapo kwa mbali. Meno ya kahawia unayoyaona mtaani yametokana na hiyo. Ukishachafua mto ukahamia chini ya ardhi, unahamia kwenye gharama ya kuchuja.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda mita 60 kando ya mto. Kwetu imekuwa sheria ya kubomoa: X nyekundu ukutani, kelele wiki moja, kimya, vibanda vinarudi. Lakini isome vizuri. Inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru. Haijasema pabaki patupu. Majani ya ng'ombe yana soko zuri huku kwetu, maana wengi wanafugia bandani, na mizizi yake inashika kingo. Vitalu vya miche navyo vinawezekana. Halmashauri tayari inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa nini baadhi ya vikundi hivyo visikabidhiwe kipande cha kingo, kwa masharti?

Na wa juu walipwe. Wakenya walianzisha Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi mwaka 2015: watumiaji wakubwa wa maji wanachangia, wakulima wa milimani wanasaidiwa kuzuia mmomonyoko.

Nikiri kasoro moja ya wazo langu. Majani yanayoota chini ya gereji yanaweza kubeba metali nzito hadi kwenye maziwa. Lazima yapimwe kwanza, na maabara za Tengeru haziko mbali. Kwa hiyo kikundi cha kwanza ningekiweka juu ya mji, kabla mto haujafika gereji ya kwanza.