Mkalimani Ameshushwa Njiani

Aliyeutazama msimu wa pili wa The White Lotus anaikumbuka barabara ya sehemu ya sita. Mzee Bert Di Grasso, mwanawe Dominic na mjukuu wake Albie wametoka Marekani hadi Sicilia, na sasa wanakwenda kuwaona ndugu ambao mzee hajawahi kuwatia machoni. Lucia, mwenyeji wao pekee, yumo garini. Alessio, mwanamume anayemtisha Lucia, anawafuata, na Lucia anashuka na kuondoka naye. Hapo ndipo Mike White, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia hii, alipokosea, tena vibaya.

Kwa nini? Kwa sababu watatu hao wanafika mlangoni bila mtu wa kuwasemea. Wanawake wa nyumba wanatoka, hawaelewani nao, kelele zinapanda, wageni wanatimuliwa. Safari iliyongojewa na mzee kwa hamu kubwa imekwisha kwa dakika chache, na hadithi inakimbilia kwingine.

Wapo wanaomtetea White: wanaume wa ukoo ule wamewatesa wake zao kizazi baada ya kizazi, basi ni haki wakute mlango unaolindwa na wanawake. Wazo hilo ni zuri, na ndiyo maana inauma zaidi. Kina mama wale hawakupewa hata sentensi moja ambayo Bert angeielewa na kubaki nayo usiku kucha. F. Murray Abraham, anayemwigiza Bert na aliyechukua Oscar kwa Amadeus, alistahili kuambiwa jambo usoni, si kufokewa tu.

Coppola aliijua thamani ya mkalimani. Katika The Godfather (1972), nje ya Baa ya Vitelli, Fabrizio, mlinzi wa Michael, anausifia uzuri wa msichana, Apollonia, bila kujua kwamba baba yake ndiye mwenye baa. Mzee anaingia ndani amekasirika, anaitwa arudi. Michael anasema kwa Kiingereza, Fabrizio anatafsiri kipande kwa kipande, na katika kila kituo mzee anapata nafasi ya kupima maneno na kupoa. Posa inazaliwa pale mezani. White aliwapeleka akina Di Grasso hadi kwenye nyumba ambako gari la Apollonia lililipuka katika filamu ile ile. Mandhari aliyachukua, ufundi akauacha.

Visconti naye, katika La terra trema ya 1948, aliwaacha wavuvi wa Aci Trezza waseme Kisicilia chao, kisha akaweka msimulizi wa Kiitaliano ili wasiojua lahaja ile wafuate. Wakubwa hao hawakukubali lugha ya wenyeji igeuke kelele.



Safu hii imeshalalamika kuhusu tamthilia zinazojifungia hotelini, na kuhusu White kuandika na kuongoza kila sehemu peke yake. Mwandishi mwenza mmoja angemwonyesha kwamba Alessio angeweza kuwavamia wakati wa kurudi. Lucia angekwenda nao hadi mlangoni na kutafsiri matusi yote, pengine akiyalainisha kwa faida yake. Albie bado angemhurumia, na baba yake bado angetoa zile euro 50,000 ambazo Lucia anazipata mwishoni.