Bao, Jaribio au Mguso? Istilahi za Raga na Fainali ya Singapore

Tarehe 17 Aprili, 2016, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba iliishinda Fiji katika fainali ya Singapore kwa alama 30 kwa 7. Mashindano hayo yalikuwa ya nane kati ya kumi ya msimu wa 2015/16 wa mfululizo wa dunia, na Kenya ilikuwa haijapata kutwaa kombe katika mfululizo huo. Fiji haikuwa timu ya kubezwa: ndiyo iliyoshika ubingwa wa msimu mzima, na mwezi Agosti ikanyakua dhahabu ya Olimpiki huko Rio. Ushindi ulistahili kusimuliwa vizuri. Je, Kiswahili chetu kiliusimuliaje?

Hapa Chumbageni, kama ilivyo Tanga nzima, mpira maana yake ni kandanda. Mtu aliyekulia katika ubishi wa Coastal Union na African Sports akiambiwa kwamba Kenya ilifunga "mabao 30", atadhani msemaji anafanya mzaha, au kwamba Fiji ilisahau mlinda mlango nyumbani. Bao la kandanda ni moja tu. Katika raga, mchezaji anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuukandamiza ardhini huipatia timu yake alama 5. Kisha timu hupewa nafasi ya kuupiga mpira juu ya mwamba, kati ya nguzo mbili, kwa alama 2 zaidi. Kenya ilifanya tendo lile la kwanza mara sita, na haikupata alama ya nyongeza hata moja. Fiji ilifanya mara moja, na nyongeza ikaingia. Anayesema "mabao" ameificha habari yote hiyo.

Wako wafasiri waliokimbilia kamusi. Kwa kuwa neno la Kiingereza la tendo hilo lina maana ya kujaribu, wakaandika "jaribio". Kosa hili ni kubwa kuliko lile la kwanza, kwani lina sura ya usomi. Ni kweli kwamba hapo kale kuukandamiza mpira hakukuwa na alama yoyote. Kulimpa mchezaji haki ya kujaribu kufunga kwa mguu tu. Lakini thamani ilihama: mwaka 1971 tendo hilo lilipandishwa kutoka alama 3 hadi 4, na mwaka 1992 likafikia 5. Waingereza wamebaki na jina la kihistoria. Sisi historia hiyo hatuna, na kwa msikilizaji wetu jaribio ni jambo ambalo huenda halikufaulu. Kumwambia kwamba Collins Injera alifanya jaribio ni kumnyima haki yake.

Katika baadhi ya kurasa za michezo za Kenya tumelikuta neno "mguso". Aliyelibuni alitazama uwanja, hakutazama kamusi, na hilo tunalisifu. Upungufu upo: kugusa ni tendo jepesi mno, na mpira unaoponyoka mkononi na kugusa tu ardhi hauhesabiwi. Sisi tungeridhika zaidi na kitenzi kutua, kama mchukuzi wa bandarini atuavyo robota la mkonge: hautupi mzigo, huuweka chini kwa mkono wake. Hata hivyo, kuzusha "mtuo" huku Tanga wakati Mombasa wanasema "mguso" ni kuwapa walimu wa pande mbili za Horohoro kazi ya bure. Mguso na ukubaliwe, na mtangazaji aseme mchezaji "ametua mpira" na "kupata mguso". Teke linalofuata liitwe mkwaju wa nyongeza.

Kuhusu ule msukumano wa wachezaji walioinama na kushikana, watatu kwa watatu katika raga ya saba na wanane kwa wanane katika ile ya kumi na tano, pendekezo la "kikumbo" halitufai. Kikumbo hupigwa na mtu mmoja, na mara nyingi kwa hila. Huu ni msukumano wa kundi, unaoamriwa na mwamuzi mwenyewe. Hapo tungetohoa tu: skramu.